Tutoke Lamu twende Florida kuona minazi?

Swali: "Mimi ni mwalimu, naishi Langoni, Lamu. Kaka yangu yuko Columbus, Ohio, mwaka wa 14 sasa. Desemba ametualika mimi, mume wangu, watoto wetu watatu (kijana wa miaka 13, msichana wa miaka 8, na mdogo atakayekuwa na miaka 2 na miezi 10) pamoja na mama yetu mwenye miaka 71. Tukishakaa kwake siku chache anataka kutupeleka Florida, atulipie chumba usiku 5 katika hoteli ya Disney iliyojengwa kama visiwa vya minazi na mchanga. Nimeona bei yake nikashika kichwa. Mume wangu kila siku anacheka, ati tuuache mchanga wa Shela tukalipie mchanga wa kumwagwa na lori. Je, hasa tunalipia nini? Na familia kama yetu ijue nini kabla ya kwenda?"

Jibu: Mwalimu, mwambie bwana wako kicheko chake nakifahamu, maana nami nilikicheka. Nilikaa mapokezi katika hoteli za Malindi miaka 11 kabla sijaanza kupanga safari za familia, na miaka hiyo yote kazi yangu ilikuwa kumuuzia mgeni mnazi na mchanga. Siku ya kwanza nilipoingia hoteli hiyo anayoisema kaka yako, Disney's Polynesian Village Resort, nikiongozana na familia moja ya Mombasa, nilisimama mlangoni nikanusa. Natafuta ile harufu ya makuti yaliyonyeshewa. Wapi! Baba wa familia ile akanigeukia, "Umetutoa nyumbani ukatuleta nyumbani, tena kwa dola."

Jibu langu nitalisema kwanza, sababu zifuate. Mchanga ule msiulipie hata senti. Mnacholipia pale ni lango, yaani ukaribu wa kitanda chenu na mlango wa Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney. Kwa familia yenye bibi wa miaka 71 na mtoto ambaye bado analala mchana, lango hilo lina thamani yake. Ila si kwa usiku 5, wala si kwa chumba kimoja.

Hoteli ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, siku moja na Magic Kingdom yenyewe. Mbele yake kuna ziwa liitwalo Seven Seas Lagoon, la kuchimbwa na watu, na ng'ambo ya ziwa ndiyo bustani. Unavuka kwa monoreli, treni ipitayo juu ya nguzo na kusimama hapo hapo hotelini, au unapanda boti. Mama yenu ambaye maisha yake yote amepanda na kushuka jetini Lamu hatahitaji kufundishwa habari ya boti, na siku magoti yakikataa, monoreli inachukua kiti cha magurudumu bila taabu. Viti hivyo hukodishwa langoni mwa bustani. Msione haya kukodi, hata kama nyumbani anatembea mwenyewe mpaka sokoni. Siku moja ndani ya bustani ni kilomita nyingi kuliko mnavyodhani.

Fikiria siku yenyewe inavyokwenda. Wageni wa hoteli za Disney huingizwa dakika 30 kabla ya watu wengine, na nusu saa hiyo, mkienda moja kwa moja kwenye michezo inayogombewa, huwaokoa foleni mbili ndefu. Ikifika saa 6 mchana pamejaa, mdogo analia bila sababu, bibi ameketi kwenye ukingo wa ua kwa kuwa benchi zote zina watu. Aliyepanga hoteli ya bei rahisi huko nje ana njia mbili. Avumilie mpaka jioni, au atoke, avuke ziwa mpaka kituo cha magari, alitafute gari lake katika uwanja wa maegesho usio na mwisho, aendeshe, na akifika kitandani hana tena hamu ya kurudi. Ninyi mnapanda boti na muda si muda mko chumbani. Mnaoga, mnaswali Adhuhuri, mtoto analala usingizi wa kweli na si wa begani, bibi ananyoosha miguu. Saa 10 mnarudi bustanini kama watu wapya. Katika safari zote nilizopanga, ugomvi wa mume na mke una saa zake: kati ya saa 8 na saa 10 mchana, katikati ya bustani, kila mmoja akimwuliza mwenzake ni nani aliyetaka kuja huku. Chumba kilicho karibu ndicho dawa pekee ninayoijua.

Sasa hicho chumba. Chumba cha kawaida pale kina vitanda viwili vikubwa na kimoja kidogo, kinapokea watu 5, na mtoto wa chini ya miaka 3 huongezwa na kitanda chake cha kitoto. Kaka yako kapiga hesabu: wewe, mumeo, mama, watoto wawili wakubwa, mdogo wa nyongeza. Imetimia. Lakini kaipiga kama mtu aliyekaa ugenini miaka 14. Mama yenu alale chumba kimoja na mkwewe? Avulie wapi mtandio? Mumeo akiamka usiku kwenda msalani apite miguuni pa mama mkwe? Vitanda vinatosha, heshima haitoshi. Nimewahi kuona mzee wa watu analala kwenye kiti cha mapokezi, anadai hana usingizi, kumbe anasubiri mkwewe wa kike aamke na kuvaa.

Kwa hiyo mwambie kaka yako abadilishe hesabu. Chumba kimoja kwa usiku 5 ni malipo ya usiku 5. Vyumba viwili kwa usiku 3 ni malipo ya usiku 6. Tofauti ni usiku mmoja tu, na safari yenyewe inageuka kuwa nyingine kabisa. Chumba cha kwanza ni chako, mumeo, msichana na mdogo. Cha pili ni cha mama, mwanawe (kaka yako) na mjukuu wake wa kiume. Aombe kwa maandishi vyumba vyenye mlango wa ndani unaofunguana, na siku ya kufika alikumbushe ombi hilo kabla ya kupokea funguo. Nasema hili kama mtu aliyekaa upande wa pili wa ile meza: ombi lisilokumbushwa husomwa mgeni akishapanda juu.

Bei hubadilika kila wiki, lakini Desemba chumba cha kawaida pale mara nyingi hupita dola 600 kwa usiku, na wiki ya Krismasi hupaa kabisa. Juu yake kuna kodi ya asilimia 12.5 ambayo mtu huiona mwishoni, akiwa tayari ameshawaambia watoto. Tiketi za bustani ni mbali. Hapo umri ni pesa: chini ya miaka 3 ni bure, kuanzia 3 hadi 9 ni bei ya mtoto, na kuanzia 10 ni bei ya mtu mzima. Kijana wako wa 13 kwa Disney ni mzee kama wewe. Mdogo wako Desemba hii anaingia bure. Mkiahirisha mpaka likizo ya Aprili, analipa. Mkifikiria kungoja mwakani, lijueni hilo.

Kaka yako huenda atataja hoteli nyingine ya Disney iliyo nafuu, Caribbean Beach, ya mwaka 1988, yenye majengo ya rangi rangi yaliyopewa majina ya visiwa vya Karibi. Ni nzuri, na tangu 2019 ina vigari vya kamba vinavyopita angani kwenda bustani mbili nyingine, EPCOT na Hollywood Studios. Lakini kwenda Magic Kingdom ni basi, na hoteli yenyewe imetanda kuzunguka ziwa, kutoka chumbani mpaka chakulani ni safari. Kwa vijana peke yao ningesema nendeni. Kwa msafara wenu, hapana: minazi utaipata, lango hutalipata.

Nikiitaja minazi, mumeo ana haki nusu. Orlando iko ndani ya bara na baridi yake ya miaka mingine hufikia kuganda, jambo ambalo mnazi wetu hauvumilii. Miti mingi anayoiona mtu pale akasema "minazi" ni jamaa wa michikichi na mitende. Mwambie atafute dafu aone.

Nusu ya pili ya haki si yake. Polinesia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, si Zanzibar ya kuigiza, ni watu. Majengo ya vyumba yana majina ya visiwa vyao: Samoa, Tonga, Fiji, Tahiti, Rapa Nui na vinginevyo. Na watu hao wana undugu na pwani yetu ambao hoteli haikuambii. Mabaharia wa jamii ya lugha zao, kutoka upande wa Indonesia ya leo, walivuka Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita wakafanya makao Madagaska. Mpaka leo Mmalagasi anaita mbingu "lanitra" na Mhawaii anaiita "lani". Ngalawa yetu yenye mbawa mbili za pembeni ni ya ukoo huo huo wa vyombo, na wanahistoria wengi huwahesabu mabaharia wale kuwa ndio walioleta ufundi wake huku. Wewe ni mwalimu. Mkikuta mtumbwi wenye ubawa wa pembeni katika mapambo ya pale, mwite msichana wako umwulize nyumbani kakiona wapi chombo kama hicho. Mgeni wa Chicago hapo anapiga picha tu. Mtoto wa Lamu anaona jamaa.

Kuna jambo lingine kuhusu ule mchanga, nalo si la mzaha. Ufuo upo, viti vya kulalia vipo, maji yako hatua chache, na hairuhusiwi kuingia. Watoto wenu wamekua wakijirusha baharini kutoka kwenye ukuta wa mbele ya mji. Hawa ndio wanaohitaji kuambiwa mapema, kabla ya kutua, na kuambiwa tena. Maziwa ya Florida yana mamba wa aina ya aligeta. Juni 2016, kwenye ufuo wa hoteli jirani katika ziwa hilo hilo, mtoto wa miaka 2 alikamatwa na mamba akafa. Tangu hapo kumewekwa uzio na mabango, lakini bango ni kwa anayesoma, na mdogo wako hasomi. Mshikeni mkono wakati wote mkiwa mchangani, hasa magharibi na usiku. Mwanzoni, mwaka 1971, walitegesha hata mashine ya kutengeneza mawimbi katika ziwa lile ili watu wateleze. Mawimbi yakawa yanaula ufuo wenyewe, wakaiacha. Bwana wako nadhani atalipenda hilo kuliko mchezo wowote.

Kuogelea basi ni bwawani. Lipo moja lenye mlima wa volkeno wa kuigiza na mteremko wa maji, na upande mmoja maji huanza kina sifuri kama ufuoni, mahali pazuri kwa mdogo. Maboya ya kuvaa huazimwa bure. Mtoto ambaye bado hajaacha nepi lazima avae nepi maalumu ya kuogelea. Nunueni kwa kaka yako Ohio, hotelini ni ghali. Wewe na mama mkitaka kuingia na mavazi ya stara ya kuogelea, vaeni bila wasiwasi, mradi nguo isiwe na zipu iliyo wazi, vifungo vya chuma wala urembo wa chuma, maana hizo hukataliwa kwenye miteremko. Maji hupashwa moto. Nje ya maji ndiko kwenye kazi: Desemba mchana ni kama nyuzi 23, usiku 12 na pengine chini yake. Kwa mtu wa Lamu nyuzi 12 ni ugonjwa.

Mwezi wenyewe kaka yako kauchagua vizuri, labda bila kujua. Likizo ndefu ya shule zetu inaangukia kipindi ambacho watoto wa Marekani wako darasani. Jitahidini muwe pale baada ya sikukuu yao ya Shukrani, ambayo ni Alhamisi ya nne ya Novemba, na muondoke kabla ya tarehe 18 Desemba hivi. Nje ya dirisha hilo ni msukumano. Agosti, likizo yetu nyingine, sikushauri hata ukipewa bure: joto kama la kaskazi, lakini bila upepo wa bahari, radi za mchana zinazofunga mabwawa, na ni katikati ya msimu wa vimbunga, unaoanza Juni na kuisha Novemba.

Desemba ina mtego wake mmoja. Baadhi ya usiku Magic Kingdom hufanya sherehe ya Krismasi yenye tiketi yake peke yake, na siku hizo mwenye tiketi ya kawaida hutolewa nje saa 12 jioni. Watu hulia langoni. Lakini kwa kuwa wengi huzikwepa siku hizo, mchana wake huwa na nafasi zaidi. Ninyi ambao mwaishi ng'ambo ya ziwa, chagueni siku hiyo hiyo! Ingieni asubuhi, pumzikeni, rudini alasiri, saa 12 mtoke na umati, kisha mkae mchangani na mablanketi. Fataki zile zile mtaziona kutoka ufuoni, na bibi amekaa kwenye kiti. Hupita pia msafara wa vyombo vyenye taa vyenye maumbo ya nyangumi, kasa na joka la baharini, unaokatiza ziwa usiku. Umekuwapo tangu 1971 na hauna kiingilio. Usiku wa kwanza msinunue tiketi ya bustani kabisa. Ogeleeni, muangalie taa, mlale.

Chakula. Mkahawa mkuu pale, 'Ohana, huleta nyama za kuchoma mezani mpaka mseme basi, na katika vyakula hivyo mara nyingi nguruwe yumo, ndani ya vitu vidogo vya kukunjwa kama sambusa. Mwenye kuuliza huhudumiwa: mkiandika oda semeni mapema kuwa hamli nguruwe wala kilevi, na mkifika ombeni kuongea na mpishi. Samaki, kamba, mboga na wali havikosekani. Lakini siri yangu ni nyingine. Disney huruhusu kuingia bustanini na chakula chako, mradi si cha vyombo vya kioo na hakuna pombe. Kwa hiyo wifi yako wa Ohio, kama yupo, au wewe mwenyewe kwenye jiko lake, kaangeni mahamri na sambusa za mboga siku moja kabla ya kuruka. Chumbani kuna friji ndogo. Asubuhi mkiwa na mahamri na chai mtakuwa mmeokoa pesa ambazo watoto watazila baadaye kwa aiskrimu laini ya nanasi inayouzwa pembeni ya hoteli, na hiyo msiwanyime. Kutoka Lamu msibebe nyama wala matunda mabichi. Forodha ya Marekani huchukua, na usipoyataja kwenye fomu unapigwa faini.

Kuswali mtaswali chumbani. Kibla cha kule ni kaskazini-mashariki. Mama aliyezoea Lamu, ambako tunaelekea kaskazini, mwonyesheni mapema asije akaswali siku nzima kwa mazoea. Msalani hakuna mpira wa maji, bebeni kopo. Ikiangukia Ijumaa na wanaume wakitaka jumaa, Islamic Center of Orlando haiko mbali na eneo la Disney.

Nimemwacha kijana wa miaka 13 mpaka sasa kwa kuwa yeye ana shida tofauti. Siku moja ya Magic Kingdom ataifurahia, ya pili atakuwa anatazama simu. Umri wake ni wa Universal, mshindani wa Disney, kama nusu saa kwa teksi. Na hapo kuna ujanja ambao kaka yako akiujua atanishukuru. Universal wana hoteli yao ya mandhari ya visiwa vya Pasifiki, Loews Royal Pacific Resort, iliyofunguliwa 2002. Kila anayelala pale hupewa bure pasi ya Express, ya kupita njia fupi kwenye michezo mingi bila kukaa foleni ndefu. Pasi hiyo ikinunuliwa peke yake, siku za watu wengi hupita dola 150 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Na hufanya kazi siku ya kufika na siku ya kuondoka pia. Maana yake ukilala usiku mmoja tu una siku mbili nzima. Si lazima chumba kiwe tayari: mnajiandikisha asubuhi, mnaacha mabegi, mnachukua pasi, mnaondoka.

Basi siku yenu ya tatu, mjomba na mpwa wake waamke mapema waende Royal Pacific usiku mmoja, peke yao. Msichana ahamie kwa bibi. Ninyi wengine mbaki bwawani bila kununua tiketi yoyote. Kesho yake mnakutana uwanja wa ndege. Pasi hiyo ni ya Universal Studios Florida na Islands of Adventure tu. Haifanyi kazi Epic Universe, bustani mpya iliyofunguliwa 22 Mei 2025, wala Volcano Bay, bustani yao ya maji. Bustani za maji hata hivyo hufungwa siku za baridi, kijana asizitegemee. Wakitaka kupanda ile treni ya Hogwarts, ya hadithi za Harry Potter, inayounganisha bustani mbili za kwanza, tiketi iwe ya kuingia zote mbili kwa siku moja. Ya bustani moja haimruhusu mtu kupanda, na nimemwona baba mzima anabishana na kijana wa mlangoni juu ya hilo nusu saa nzima.

Kwa msichana, muhimu ni kimo, si umri. Mmpime nyumbani bila viatu: sentimita 97 zinamruhusu kwenye treni ya vibeti saba, 112 kwenye mchezo wa Space Mountain. Na mchezo ambao mdogo haruhusiwi, mwambieni mfanyakazi wa mlangoni kuwa mnataka kubadilishana: mzazi mmoja apande, mwingine abaki na mtoto, kisha wa pili apande bila kuanza foleni upya. Ni haki yenu, ila haitangazwi sana.

Viza ndiyo ya mwisho kwenye barua yangu lakini ya kwanza kwenye kazi yenu. Ada ya msingi ni dola 185 kwa kila mtu, mdogo naye yumo, na hairudishwi ukinyimwa. Kanuni hubadilika, zisomeni kwenye tovuti ya ubalozi wiki ile ile mnayojaza. Kuna familia ya hapa Malindi iliyolipia kila kitu kwa wakala mmoja kabla ya mahojiano. Viza ya baba ikachelewa, safari ikafa, wakala akawaonyesha maandishi madogo nyuma ya risiti. Ndiyo sababu mwambieni kaka yako asinunue kifurushi cha hoteli pamoja na tiketi, ambacho Disney hurudisha pesa zote pale tu ukifuta siku 30 au zaidi kabla. Achukue chumba peke yake: hulipa usiku mmoja kama arubuni, na akifuta siku 5 kabla ya kufika hurudishiwa. Tiketi za bustani zingoje viza.

Ndege zenu kutoka Manda, angalieni zinatua wapi Nairobi. Nyingine hutua Wilson, na kutoka Wilson mpaka Jomo Kenyatta na mabegi ya watu 6 kwenye foleni ya magari si jambo la kuachiwa saa moja. Kutoka Jomo Kenyatta kuna ndege ya moja kwa moja mpaka New York, kama saa 15 hewani. Mama achaguliwe kiti cha kando ya njia ili aweze kuinuka na kutembea. Kaeni Ohio si chini ya siku 4 kabla ya Florida. Tofauti ni saa 8, na watoto wataamka saa 9 usiku wakidai chakula cha mchana. Hilo liwe tatizo la mjomba wao, nyumbani kwake, si la hoteli ya dola 600.

Na koti la mama msilinunue Mombasa. Makoti ya Mombasa yameshonwa na watu wasiojua baridi. Kaka yako aje nalo uwanja wa ndege Columbus mkononi, amvalishe kabla mlango wa nje haujafunguliwa.